Nyanya za msimu wa mvua Manyovu na Heru Juu: jani lisilale na maji

Huku juu Buhigwe na Kasulu, mkoani Kigoma, mvua zinaanza Oktoba na kuendelea hadi Mei, zikipumzika kidogo kati ya Januari na Februari. Asubuhi ukungu unachelewa kuondoka. Kwa hiyo usichukue maelekezo ya bustani ya Ujiji, kwenye joto la ziwa, ukayapanda Manyovu yalivyo. Mtu akiniambia nyanya zake zimeungua, siulizi kwanza amepiga dawa gani. Nauliza majani yake yanakauka saa ngapi.

Kinachounguza ni bakajani chelewa. Kimelea chake hustawi kwenye ubaridi, na kinahitaji jani lililolowa kwa saa kadhaa ili kipenye. Doa linaanza kama sehemu iliyomwagiwa maji ya moto, kisha linageuka kahawia. Geuza jani asubuhi na mapema: ukiona unga mweupe umezunguka ukingo wa doa upande wa chini, ndiyo yenyewe. Hapo dawa ya mankozebu haitarudisha jani hilo, maana kazi yake ni kukinga jani ambalo bado halijaugua. Ipigwe kabla, kwa kipimo cha kwenye pakiti, siku isiyo na dalili ya mvua, na idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna iheshimiwe.

Lakini kwangu paa la kukinga mvua linatangulia, dawa inafuata. Simika nguzo, upande mmoja mita 2 na mwingine mita 1.7, ufunike juu kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga. Pande zote ziache wazi. Wengi wanazungushia nailoni mpaka chini wakidhani wanaikinga miche na baridi, kumbe wanafungia unyevu ndani na ugonjwa unashamiri zaidi kuliko nje.

Tuta liwe na upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 25 hadi 30, samadi iliyoiva debe moja kwa kila mita 2 za urefu. Mfereji ukate mteremko kwa mshazari. Ukiuelekeza moja kwa moja chini, mvua ya kwanza inaondoka na udongo wako. Panda mstari mmoja katikati, sentimita 60 kati ya mche na mche. Kila mche uwe na fito yake, ufungwe kwa kamba ya mgomba kwa umbo la nane ili shina lisikabwe. Toa vichipukizi vya kwapani vikiwa bado vidogo, na mmea ukishafika kiunoni ondoa majani yote ya sentimita 30 za chini, maana hayo ndiyo yanayorukiwa na matope. Matandazo weka, ila yakae vidole vinne mbali na shina.

Majani ya chini yakiwa ya njano bila madoa, mara nyingi ni naitrojeni iliyosombwa na mvua. Weka mbolea ya CAN kizibo kimoja cha soda, kama gramu 5, sentimita 10 kutoka kwenye shina, urudie baada ya wiki tatu. Kuimwaga yote siku moja ni kulisha mfereji. Jivu usilichanganye nayo, maana naitrojeni itapotea hewani.

Kitaluni tatizo ni kinyausi: mche unasinyaa shingoni na kulala. Sia kwa mistari, usibananishe, mwagilia asubuhi tu.

Lengalenga (mchicha) na kabichi hazipatwi na bakajani hii, basi anayeanza aanze nazo.

Usipogoe wakati majani yana maji. Mikono yako ndiyo itakayosambaza ugonjwa. Majani yaliyougua yafukie mbali na bustani, usiyatupe mferejini. Na ng'oa viazi mviringo vilivyojiotea karibu, kwa sababu kimelea ni kilekile, na humo ndimo kinamojihifadhi kikisubiri nyanya zako za msimu ujao.