Maswali na Majibu: Kwa Nini Mfamasia Anauliza Sana Kabla ya Kukupa Dawa?

Nafanya kazi kwenye famasi ya mtaani hapa Ngamiani, Tanga. Haya ndiyo maswali ninayokutana nayo dirishani, mengine yakiulizwa kwa hasira.

Cheti cha daktari mnakikaguaje?
Naanza na jina la mgonjwa, umri, tarehe, sahihi ya aliyeandika na kituo alichotoka. Kisha dawa yenyewe: miligramu ngapi, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi. Halafu naangalia kama inamfaa huyu aliyeandikiwa. Ana mzio? Ana dawa nyingine nyumbani? Kabla ya kukukabidhi nasoma tena pakiti na tarehe ya kuisha muda, nikilinganisha na cheti.

Mwandiko usiposomeka?
Hatukisii. Metformini ni ya kisukari, metronidazoli ni ya amiba na baadhi ya bakteria, na kwa mwandiko wa haraka zinafanana. Nampigia simu aliyeandika. Subiri, tafadhali.

Mbona mnauliza mambo ya ujauzito mbele za watu?
Ukiona haya, omba tuongee pembeni, ni haki yako. Lakini nijibu kweli, dada. Doksisaiklini huathiri meno na mifupa ya mtoto aliye tumboni, na enalapril ya presha inaweza kumharibu figo.

Mtoto ana homa kama ya mwezi uliopita, na cheti ninacho. Si unipe dawa ile ile?
Hapana, mama. Cheti cha mwezi uliopita kilijibu ugonjwa wa mwezi uliopita. Homa ya leo inaweza kuwa malaria, nimonia au maambukizi ya mkojo, na kwa kumshika paji la uso huwezi kujua ni ipi. Akapimwe.

Lakini ilimponya!
Ilimponya ugonjwa ule. Hata kama leo ni malaria kweli, dozi hufuata uzito. Kwa vidonge vya mseto vya watoto, mwenye kilo 14 anameza kimoja kila dozi. Akifikisha 15 anameza viwili. Watoto hukua, cheti hakikui. Kwa sababu hiyo hiyo, cheti cha kaka mtu hakimfai mdogo wake.

Basi naenda duka la pili, kule hawaulizi kitu.
Hili ndilo linaloniumiza. Wanakwenda, wanapewa, na baada ya siku mbili tatu mama anarudi na mtoto amelegea begani, akiomba "dawa kali zaidi". Siku hizo ndizo zilizokuwa za kumtibu. Muuzaji asiyekuuliza hajakurahisishia kitu. Amekuachia hatari uibebe mwenyewe. Narudia: cheti cha zamani si tiba. Na mtoto mwenye degedege, asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu au asiyezinduka msimlete kwangu kabisa. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Bombo, saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane.

Naweza kumtuma bodaboda?
Cheti kiwe cha sasa, na namba yako ya simu iandikwe nyuma, nikupigie nikuulize niliyopaswa kumwuliza mgonjwa. Bodaboda hajui kama una vidonda vya tumbo. Picha ya pakiti tupu kwenye simu haitoshi.

1x3 maana yake asubuhi, mchana na jioni?
Maana yake kidonge kimoja kila baada ya saa 8. Wengi humeza saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni, kisha usiku kucha hakuna kitu. Panga saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Mseto una mpangilio wake: dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni hadi siku tatu ziishe, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Maziwa au wali wa nazi vinafaa. Homa ikishuka siku ya pili, endelea hadi dozi ya sita.