Handaki la maji sio lazima liwe la vita

Mtu akiona picha ya zile nyumba za makabaila wa Uingereza wa Zama za Kati, kiwanja cha pembe nne kimezungukwa na handaki la maji pande zote, akili inakimbilia kwenye muvi: mishale, ngazi, maadui wanavuka usiku. Wapi! Zinajulikana zaidi ya 5,000, nyingi zilichimbwa kati ya 1250 na 1350 hivi, na wenyewe wengi walikuwa vijikabaila vya kijijini tu, wengine hata wakulima wenye uwezo kidogo, sasa vita gani hiyo ya kila kijiji cha Essex na Suffolk, kule mashariki mwa Uingereza? Handaki lilikuwa la kujionyesha, kama tajiri wa mtaani anavyoweka geti refu na taa juu ya ukuta ili upite ujue hapa anakaa nani. Vibaka na mifugo ya jirani lilizuia, sawa, ila jeshi lisingesumbuka nalo hata nusu siku. Mfalme John mwenyewe alijenga nyumba ya kuwindia pale Writtle, Essex, mwaka 1211, ikawa na handaki, na huko alikuwa anafuata kulungu.

Halafu maeneo mengi yale ni udongo wa mfinyanzi, mvua ikinyesha maji yanatuama. Ukichimba handaki maji yanapata pa kukaa, udongo unaotoka mara nyingi walimwaga katikati kuinua kiwanja, na samaki wanafugwa humo humo.

Ngome za mawe je? Nyumba nyingi zilikuwa za mbao, ndio maana ukienda leo unakuta majani na shimo, basi.

Na ile ya kwamba zote zilihamwa sababu ya tauni ya 1348-49, hapana. Tauni iliua sana, vibarua wakaadimika, lakini nyumba nyingi zilikufa taratibu baadaye, mara ukoo umekosa mrithi, mara mwenye mali kahamia kwingine, na nyingine mpaka leo zina watu ndani. Hata kijiji cha Wharram Percy kule Yorkshire (hiki hakina handaki), kilichochimbwa miaka 40 tangu 1950, kilidumu zaidi ya miaka 100 baada ya tauni, kilichokimaliza ni kondoo, wenye ardhi waliona sufu inalipa kuliko kulima.

Wanaowinda dhahabu kwenye mahandaki haya ndio wanachosha zaidi. Kupitisha mashine ya kutafuta vyuma kwenye eneo linalolindwa bila kibali ni kosa la jinai, na mali yenyewe ni tope: chini ya maji hewa haifiki, kwa hiyo viatu vya ngozi, mbegu, chavua na mbao havijaoza, na mbao unahesabu pete zake unajua mti ulikatwa lini. Ila angalia, handaki lilikuwa linazolewa tope mara kwa mara, kwa hiyo kiatu ulichokikuta chini kabisa usiseme ni cha waliochimba, inawezekana ni cha aliyeishi pale mwisho mwisho.