Programu za kupanga muziki: dhana potofu na ukweli

Anayefungua programu ya kupanga muziki kwa mara ya kwanza huwa ameshajazwa maneno mengi: nunua hiki, jifunze kile, bila kile huwezi. Mengi si kweli, na yamewakatisha tamaa watu wenye masikio mazuri kabla hawajamaliza hata biti moja.

Dhana: Faili la MIDI ni wimbo, kama lilivyo la MP3.

Hii ndiyo inayozaa nyingine nyingi. Ndani ya faili la MIDI hamna sauti hata chembe. Mna maagizo: noti namba 60 ibonyezwe kwa nguvu ya 100 kwenye chaneli ya 1, baadaye kidogo, noti namba 60 iachiwe. Namba za noti na za nguvu huanzia 0 na kuishia 127, na chaneli ni 16. Anayetoa sauti ni ala inayopokea maagizo hayo, iwe kinanda kilichochomekwa au ala iliyomo ndani ya programu. Ndiyo maana wimbo mzima wa MIDI huweza kuwa na kilobaiti chache tu, ilhali dakika moja ya sauti ya stereo isiyobanwa, kwa ubora wa CD, hula takriban megabaiti 10. Na ndiyo maana piano tamu ya mwenzako inaweza kufika kwako ikilia vingine kabisa. Faili halijaharibika, ni kwamba kompyuta yako imeyapa maagizo yale ala nyingine.

Utaratibu huu wa MIDI ulitoka mwaka 1983 ili vinanda vya kampuni tofauti viweze kuelewana. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani ndio waliousukuma hadi ukakubalika, na mwaka 2013 wakapewa tuzo ya Grammy ya ufundi. Ukishauelewa, unafunguka mikono: noti iliyokosewa unaiburuta mahali pake, piano unaigeuza filimbi bila kupiga upya, na kasi unaipandisha kutoka mapigo 90 kwa dakika hadi 110 bila sauti kukatikakatika.

Dhana: Bila kompyuta ya bei kubwa usijisumbue.

Kompyuta ya Atari ST iliyotoka mwaka 1985 ilikuwa na matundu ya MIDI tangu kiwandani, prosesa ya megahezi 8, na toleo lake la kwanza lilikuwa na kumbukumbu ya nusu megabaiti. Cubase, programu ya kupanga muziki, ilianzia humo mwaka 1989. Ni kweli kwamba enzi hizo kompyuta ilituma maagizo tu na vinanda vya nje ndivyo vilivyolia. Leo ala na efekti zote zimo ndani, na hizo ndizo zinazoilemea mashine. Ikianza kukwama, gandisha treki (mistari ya ala mojamoja) ulizomaliza: programu nyingi zina kitufe cha kuzigeuza kuwa sauti kwa muda, na mzigo unapungua papo hapo.

Programu pia si lazima ununue. LMMS ni ya bure, na GarageBand haitozwi kwa wenye Mac. Ila usianzie Audacity ukitarajia kupanga noti. Ni chombo kizuri sana cha kurekodi na kukata sauti, lakini kazi yake ni hiyo.

Dhana: Sauti ikichelewa ukibonyeza kinanda, kompyuta imechoka.

Tazama kwanza mipangilio ya sauti, sehemu ya bafa. Kompyuta hukusanya sampuli za sauti kwa mafungu kabla ya kuzitoa. Kwa sampuli 44,100 kila sekunde, fungu la 1,024 huchukua kama milisekunde 23, na kidole hulihisi pengo hilo. Fungu la 128 huchukua karibu milisekunde 3. Basi punguza bafa unapopiga, iongeze unapochanganya sauti, la sivyo utasikia mikwaruzo. Kwenye Windows, tumia draiva ya ASIO, iliyoundwa kupunguza ucheleweshaji wa sauti.

Dhana: Lazima ujue kusoma noti za karatasi.

Hapana. Kwenye gridi ya programu, noti ya juu inakaa juu, na noti ndefu inachorwa ndefu. Kinachohitajika ni sikio.

Dhana: Mdundo ulionyooka kabisa ndio mdundo mzuri.

Hapa nasisitiza, maana ndipo biti nyingi za wanaoanza hufia. Amri ya kwantaizi huvuta kila noti hadi kwenye mstari, na wengi huibonyeza bila kusikiliza. Jaribu hivi: weka noti 8 za hai-hati (matoazi ya ngoma) katika mapigo 4, zote kwa nguvu ya 100. Sikiliza. Sasa iache ya kwanza kwenye 100, ya pili ishushe hadi 60, ya tatu 90, ya nne 55, kisha rudia mpangilio huo. Hujaongeza noti hata moja, ila mdundo umeanza kutembea. Halafu zicheleweshe kidogo zile za 2, 4, 6 na 8. Nao utaanza kuyumba kwa raha. Mashine ya ngoma ya LM-1 ya Roger Linn, ya mwaka 1980, ilikuwa tayari inajua kunyoosha na kuyumbisha. Na programu ikikupa asilimia ya kwantaizi, anza na 60, usikimbilie 100.

Dhana: Ukishahifadhi mradi, wimbo umekamilika.

Faili la mradi nalo ni maagizo. Linakumbuka noti, ala zilizotumika na mahali sampuli (hapa ni vipande vya sauti ulivyotumia) zilipo kwenye diski. Ukihamisha folda ya sampuli, au ukimpelekea mtu asiye na ala zako, litafunguka likiwa na mapengo. Toa wimbo mzima kama WAV, yaani faili la sauti yenyewe, kisha toa kila treki peke yake, zote zikianzia sekunde ya 0, na kwenye jina la folda andika kasi ya wimbo.