ERP haipangi stoo iliyovurugika

Wapo wakurugenzi wanaoamini kwamba wakinunua ERP, yaani programu inayounganisha stoo, mauzo, manunuzi na uhasibu, fujo za kampuni zitakwisha zenyewe. Sivyo.

Faida yake ipo: mauzo yakiingizwa mara moja, hesabu ya stoo na vitabu vya mhasibu vinabadilika papo hapo. Lakini muunganiko huohuo hubeba na makosa. Karani akiandika katoni 100 badala ya 10, kosa linamfikia mhasibu kabla ya chai ya saa nne.

Watazame Lidl, wenye maduka ya Ujerumani. Mwaka 2011 walianza kujenga mfumo juu ya programu ya SAP, kampuni inayotengeneza ERP. 2018 wakauacha, gharama ikikadiriwa kufika euro milioni 500. Kikwazo kimoja kilichotajwa: Lidl walithamini bidhaa za stoo kwa bei ya kununulia, programu kwa bei ya kuuzia. Hawakutaka kubadili utaratibu wao, basi programu ikawa ya kukatwa na kushonwa upya. Hapo ndipo hela nyingi huteketea, wala si kwenye leseni ya kutumia programu.

Mwenye duka la tawi moja ningemwambia ahesabu stoo kwanza.