Si bunduki ya jangili peke yake

Tukisikia mnyama fulani anatoweka, wengi tunamfikiria jangili. Kweli ujangili unaua. Lakini mwaka 2019 wanasayansi wa IPBES, jopo la kimataifa linalotathmini hali ya viumbe hai, walieleza kwamba nchi kavu, kinachoongoza kwa kuwaangamiza ni kubadilishwa kwa matumizi ya ardhi, hasa misitu kufyekwa ili kupata mashamba. Baharini ndiko uvuvi unakoongoza.

Mtazame hondohondo. Jike huingia kwenye tundu la mti mkubwa, akaziba mlango kwa tope na kinyesi, akaacha upenyo mwembamba ambao dume humlishia. Mti ule ukikatwa kwa ajili ya mbao, hakuna aliyemlenga ndege, ila kiota kimekwisha. Na mche uliopandwa leo haumfai: tundu la ukubwa ule huchukua miongo mingi kupatikana.