Kidonge cha Goita Hakiyeyushi Mafuta ya Ini

Nimeshaulizwa mara nyingi mno kama levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi ya shingo ambacho hupewa wenye goita, huondoa mafuta kwenye ini. Huku Nyanda za Juu Kusini, ambako goita ilishamiri kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea, vidonge hivyo havikosekani kwa shangazi fulani, na baadhi ya wagonjwa wa kisukari hapa Mbeya hufika kliniki wakiwa wamekwisha kuvimeza, moyo ukiwaenda mbio na mikono ikitetemeka, kisha wanashangaa kwamba siwapongezi.

Chanzo cha uvumi ninakijua. Machi 2024 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo resmetiromu kwa wenye ini lenye mafuta, uvimbe na makovu ya kati hadi makubwa, ambalo halijafikia sirosisi, yaani ini kujaa makovu. Dawa hiyo si homoni ya tezi, ila hufanya kazi kwa kushika vipokezi vya homoni hiyo kwenye seli. Imeundwa ishike zaidi kipokezi cha beta, kinachotawala kwenye ini, na kukiepuka kwa kiasi kikubwa kile cha alfa, kinachotawala kwenye moyo na mifupa. Levothairoksini haina uchaguzi huo: ikishageuzwa mwilini kuwa T3, homoni ya tezi yenye nguvu, hubisha hodi kila nyumba.

Wabishi hunitajia utafiti wa Singapore wa 2018, ambao wanaume wenye kisukari walipewa levothairoksini ya dozi ndogo kwa wiki 16 na mafuta ya ini yakapungua kwa takribani asilimia 12. Ni kweli. Lakini waliomaliza ipasavyo walikuwa 20 tu, hapakuwa na kundi la kulinganishia, dozi ilipangwa kwa kufuatilia TSH (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya tezi), na kilichopimwa kilikuwa mafuta, ilhali makovu ndiyo hutabiri vizuri zaidi nani ini lake litaharibika.

Resmetiromu nayo nisiipambe. Katika jaribio la watu 966, wengi wao wakiwa na kisukari, uvimbe wa ini uliisha baada ya wiki 52 kwa asilimia 29.9 ya waliopewa miligramu 100, dhidi ya 9.7 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Yaani kwa walio wengi haukuisha. Tena, kuchagua anayeistahili kunanitia mashaka, kwa sababu ultrasaundi ya kawaida huonyesha mafuta bila kupima makovu, na hesabu ya FIB-4, inayokadiria makovu kwa umri na vipimo vya damu, huwakosa baadhi ya wenye kisukari. Kupunguza uzito kwa asilimia 7 hadi 10, ukianzia kwenye soda na mlima wa ugali, husaidia ini, na hilo nimeshalieleza mno.

Aliyemeza vidonge vya mwenzake aviache, aje apimwe TSH na, moyo ukidunda ovyo, ECG, kipimo cha umeme wa moyo; dalili huweza kuendelea, maana nusu ya dawa huchukua takribani siku 7 kutoka mwilini. Aliyeandikiwa kwa sababu tezi yake imelegea aendelee kumeza yake kama kawaida.