Nyonga mpya, mwendo wa zamani: tunayoyasikia Bukavu na ukweli wake

"Maumivu yameisha, kwa hiyo nimepona." Mimi ni kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, nawazoesha kutembea watu waliowekewa nyonga bandia, na hakuna dhana ninayokutana nayo mara nyingi kama hii. Ndiyo inayonihuzunisha zaidi, kwa sababu aliyenayo huacha mazoezi pale pale yanapoanza kumfaa.

Maumivu ya nyonga iliyochakaa huondoka mapema, mara nyingi ndani ya majuma machache, kwa kuwa mifupa iliyokuwa ikisagana imeondolewa. Misuli ina hesabu yake. Mtu aliyechechemea miaka mingi kabla ya upasuaji ana misuli dhaifu ubavuni mwa nyonga, na mwili wake umeshazoea kuegemea upande mmoja. Mwambie asimame kwa mguu uliopasuliwa peke yake: ama kiuno kinashuka upande wa pili, ama kiwiliwili kinainamia nyonga mpya. Mwendo huo hufundishwa upya. Lala ubavu uinue mguu wa juu, ukishapewa ruhusa ya zoezi hilo. Simama kwa mguu mmoja mbele ya kioo huku umeshika meza. Tembea taratibu kwa hatua zinazolingana. Nguvu huweza kuendelea kurudi hata mwaka mzima. Anayerudi uwanjani kabla ya hapo hukimbia na mchechemeo wake, na mgongo na goti ndivyo vinavyobeba mzigo.

"Fimbo hushikwa upande wa mguu mgonjwa." Hapana, ni mkono wa upande wa pili, ili fimbo ipunguze kazi ya ile misuli dhaifu. Na kwa kuwa mji wetu ni milima na ngazi, shika hili pia: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, hutangulia uliopasuliwa pamoja na fimbo. Mazoezi ya kwanza ya kutembea yafanyie pahali tambarare, hata kama ni uwanja wa shule. Miteremko ya Kadutu itakungoja.

"Hutakunja tena nyonga maisha yako yote." Inategemea daktari alipitia wapi. Aliyepasuliwa kwa nyuma huambiwa asikunje nyonga kupita nyuzi 90, asipishanishe miguu, asigeuze mguu kwa ndani, kwa kawaida kwa majuma 6 hadi 12. Kwetu maana yake ni kigoda cha kupikia kando ya mbabula (jiko la makaa), choo cha kuchuchumaa, na kuinama kufunga kamba za viatu. Aliyepasuliwa kwa mbele huonywa zaidi asiupeleke mguu nyuma sana huku umegeukia nje. Muulize daktari wako; masharti ya jirani si yako.

Vijana hunitajia Andy Murray. Ni kweli: alipasuliwa nyonga Januari 2019, na Oktoba mwaka huo huo akashinda mashindano ya tenisi ya Antwerp. Lakini kichwa cha mfupa wake wa paja hakikukatwa. Kilichongwa na kuvikwa kofia ya chuma, upasuaji tofauti na ule wanaofanyiwa wengi. Tena alikuwa mchezaji wa kulipwa, na kupona kwake ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku. Kwa nyonga bandia kamili, madaktari wengi huruhusu kutembea, kuogelea na baiskeli, mara nyingi baada ya miezi 3 hivi. Kandanda wengi huikataza: kugongana na kugeuka ghafla kunaweza kuitegua nyonga au kuvunja mfupa unaoizunguka. Najua inauma kusikia hivyo kwa aliyecheza tangu utoto.

Wapo pia wanaodhani haya ni ya wazee tu. Anemia ya SS (ugonjwa wa kurithi wa seli mundu) huweza kuziba damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, nacho kikafa wakati kijana bado yuko shuleni au chuoni. Kijana wa namna hiyo ana miaka mingi ya kuitumia nyonga yake, kwa hiyo michezo yake ichaguliwe kwa uangalifu zaidi, si apigwe marufuku kucheza.

Kuhusu Ziwa Kivu: subiri kidonda kifunge kabisa, ingia pasipo na mawe ya utelezi, na anza kwa kupiga miguu iliyonyooka. Mtindo wa chura huizungusha nyonga, usiuanze kabla daktari au kine wako hajauruhusu. Moto, yaani pikipiki, nayo ni vivyo hivyo: kurusha mguu juu ya kiti katika majuma ya mwanzo ni hatari, hata dereva akikuendesha polepole.